Fahirisi ya mvua ya mawe inasoma sifuri na chai imevuliwa majani. Puto la Dagoretti nilisomeje nikiwa Kericho?

majani_mabichi (Kericho)

Habari za jioni wadau.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo wa chai upande wa juu wa mji wa Kericho, kama mita 2,180 kutoka usawa wa bahari. Kila alfajiri natuma ujumbe kwa wenye mashamba: wachumaji waanzie kipande kipi, na majani yafike kituoni kabla ya saa ngapi. Siku ambayo mvua ya mawe inanukia, nataka vipande vilivyokomaa viwe vimechumwa kufikia saa saba mchana, majani yamepimwa, na kina mama wametoka shambani kabla radi haijaanza. Lakini siwezi kutoa tahadhari kila siku. Msimu wa mvua mawingu ya radi hujijenga huku karibu kila alasiri. Nikipiga mbiu kila siku, haitachukua muda kabla watu waache kufungua ujumbe wangu.

Ndiyo sababu nimeanza kusoma vipimo vya puto, lile linaloachiwa angani kupima joto, unyevu na upepo. Nachukua vya Nairobi Dagoretti, kituo namba 63741, kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Wyoming, puto la saa tisa usiku, kisha naviingiza kwenye SHARPpy, ile programu ya bure. Inachora vizuri Skew-T, ule mchoro wa joto na umande wa hewa kadiri unavyopanda, na kunipa fahirisi chungu nzima. Ninayoitazama zaidi ni SHIP, kwa sababu inasemwa ndiyo ya mvua ya mawe.

Sasa angalieni. Wiki iliyopita asubuhi SHIP ilisoma sifuri. CAPE, ile nishati inayoipandisha hewa, ilikuwa ndogo. Fahirisi ya K na ile ya Total Totals, zile za kukadiria radi, hazikutoka kabisa. Alasiri mawe yakaanza kushuka, na muda si mrefu ardhi ikawa nyeupe. Hayakuwa makubwa, mengi hayakufika hata sentimita moja na nusu. Lakini juu ya vichaka vilibaki vijiti, na majani yaliyochumwa baada ya hapo yalikataliwa kituoni kwa kuwa yamechubuka. Jirani yangu, mwendo mfupi tu magharibi, hakupata hata tone.

Je, puto la Dagoretti lina faida kwangu? Na kama lina faida, mtu wa Kericho atazame nini humo? Sihitaji fahirisi nyingine ya kuamini. Nataka kuelewa ni nini kinachoamua.

---

mzee_wa_puto (Mombasa, mstaafu)

Binti, swali lako limenifurahisha. Nimeachia maputo usiku kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ni nadra kukutana na mkulima aliyeifungua data yenyewe akaisoma. Nitajibu kirefu, univumilie.

Tuanze na hizo fahirisi zilizokataa kutoka. Dagoretti iko mita 1,798. Mgandamizo wa hewa pale ardhini ni kama hektopaskali 820, na namba hiyo hupungua kadiri unavyopanda. Fahirisi ya K na Total Totals zote zinadai halijoto na umande wa kiwango cha hektopaskali 850, na kiwango hicho kwa Dagoretti kimo chini ya udongo. Kwako Kericho ardhi yenyewe iko karibu na hektopaskali 785. Ukimkuta mtu anakupa K ya Kericho, ujue kompyuta imebuni hewa ndani ya mlima. Achana nazo.

Pili, ujue sehemu gani ya puto ni yako na ipi si yako. Kati ya Dagoretti na Kericho kuna karibu kilomita 190 kwa mstari mnyoofu, na Bonde la Ufa limelala katikati. Hewa ya chini ya pande hizo mbili haifanani: yao inatoka mashariki, yako mchana inavuta unyevu wa Ziwa Viktoria. Tena puto lao huachiwa kama saa nane na nusu usiku, ardhi imepoa na baridi imelala chini, ndiyo maana CAPE yako ilikuwa ndogo.

Lakini kuanzia kama mita 4,500 kwenda juu mambo ni mengine. Karibu na ikweta, ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda upepo ni hafifu mno, kwa hiyo hewa ya juu haiwezi kushikilia tofauti kubwa za joto baina ya mahali na mahali. Zikizuka, husawazishwa upesi. Halijoto ya hektopaskali 500 juu ya Dagoretti na juu ya Kericho ni karibu ileile, na saa kumi na mbili baadaye huwa haijahama sana. Mtabiri wa Kansas hana bahati hiyo. Kwake hewa baridi ya juu huweza kuingia kati ya asubuhi na jioni ikageuza siku nzima. Kwetu, nusu ya juu ya puto la usiku bado ni halali alasiri. Nusu ya chini itupe, uweke yako.

Tuseme alasiri kipimajoto chako kinasoma 24 na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji, ni 13. Kwenye hektopaskali 785, umande wa 13 maana yake kila kilo ya hewa imebeba karibu gramu 12 za mvuke. Umande huohuo wa 13 usawa wa bahari ungekuwa kama gramu 9.3 tu, kwa kuwa mvuke uleule unagawanywa kwenye hewa nyingi zaidi. Watu wa nyanda za juu huiona 13 wakadhani hewa yao ni kavu. Si kavu hata kidogo.

Chukua tofauti ya 24 na 13, yaani 11, uzidishe kwa mita 125. Unapata 1,375. Hicho ndicho kimo cha kitako cha wingu juu ya shamba lako, takriban mita 3,550 kutoka usawa wa bahari. Kisha tafuta kwenye puto mahali halijoto inapokata sifuri. Kwetu ni karibu mita 4,800, hupanda au kushuka mita mia mbili tatu. Toa. Unabaki na mita 1,250 tu za wingu lililo na joto zaidi ya sifuri.

Linganisha na hapa Mombasa. Alasiri ya joto la 31 na umande wa 24, kitako cha wingu kiko kama mita 875, na sifuri iko palepale 4,800. Wingu letu lina karibu mita 3,900 za sehemu yenye joto. Matone yana nafasi tele ya kugongana na kuungana, yanakuwa mvua na kuanguka kabla hayajafika kwenye baridi. Kwako matone yanavuka sifuri yangali madogo, yanabaki maji ingawa yamepoa chini ya sifuri, na hayo ndiyo chakula cha jiwe la barafu. Punje ikishaganda huko juu, huyakusanya matone hayo njiani na kunenepa.

Sasa safari ya kushuka. Jiwe la sentimita moja huanguka kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Kutoka mita 4,800 hadi kwako ni mita 2,620, dakika nne na kitu katika hewa ya kuyeyusha, na sehemu ya mwanzo ya hewa hiyo bado ina baridi. Hadi Mombasa ni dakika nane, na sehemu ya mwisho ni joto kali. Wingu likitoa jiwe lilelile, kwako linafika jiwe, kwetu linafika tone.

Watabiri wa Marekani wana kanuni ya zamani kwamba mvua ya mawe ya hatari hupendelea siku ambazo kimo cha sifuri ya balbu nyevu, yaani ya kile kipimajoto chenye kitambaa cha maji, kiko kati ya futi 7,000 na 10,500 juu ya ardhi. Hiyo ni mita 2,100 hadi 3,200. Wao husubiri siku kama hizo. Kericho imo ndani ya dirisha hilo karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu eneo la Kericho na Nandi linajulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe.

Ila kitu kilichopo kila siku hakiwezi kukutofautishia siku. Hapo ndipo penye kazi.

Mimi hutazama kwanza jinsi hewa inavyopoa kati ya hektopaskali 700 na 500, yaani kati ya mita 3,150 na 5,870 hivi. Halijoto ya 700 ikiwa 9.5 na ya 500 ikiwa -6, ni nyuzi 15.5 kwa kilomita 2.7, karibu 5.7 kwa kila kilomita. Hiyo ni siku ya kawaida kwetu. Ikifika 6.5 nakaa wima. Maana yake 500 imeshuka hadi -8 na huku chini hakujabadilika kitu, kwa hiyo hewa inayopanda kutoka shambani kwako inajikuta ina joto zaidi ya jirani zake palepale mawe yanapokulia. Pale ni kati ya -10 na -30, kwetu takriban mita 6,500 hadi 9,400. CAPE usiisome kama namba moja tu. Tazama kwenye mchoro eneo lake limenenepa wapi. CAPE ya 1,000 iliyonyooshwa kama utepe hadi mita 15,000 huleta mvua kubwa na radi. CAPE ileile iliyojaa tumboni mwa ule ukanda huleta mawe.

Baada ya hapo natazama ukavu wa hewa ya katikati, kati ya 650 na 500. Mistari miwili ya mchoro ikiachana hapo, ya joto na ya umande, siku hiyo iwekee alama. Chukua mahali halijoto ni 2 na umande ni -10 kwenye hektopaskali 600: balbu nyevu pale inasoma karibu -3. Jiwe linalopita hapo limelowa, maji yanavukizwa juu yake na kulipoza, kwa hiyo haliyeyuki ingawa hewa iko juu ya sifuri. Kimo cha kuyeyuka kinashuka mita mia kadhaa zaidi kuelekea kwako. Ukavu huohuo huipa uzito hewa inayoshuka, na hapo upepo wa kwanza wa dhoruba unakuja kwa kishindo. Chai inaumia zaidi mawe yanapokuja na upepo, kwa sababu yanapiga kwa ubavu, si kwa juu tu.

Na jirani yako aliyekosa tone? Hilo puto halitakuambia. Upepo wa ziwa unapanda kutoka magharibi, upepo wa mashariki unateremka kutoka upande wa Mau, vinakutana juu ya miinuko yenu mchana, na mstari wa makutano haukai mahali pamoja siku mbili. Kuanzia saa sita fungua picha za setilaiti za Meteosat, zinatoka kila robo saa. Ukiona wapi mawingu yameanza kuchomoza kwa safu, hapo ndipo.

---

mwanafunzi_norman (Oklahoma, Marekani)

Shikamoo mzee. Nasoma hali ya hewa huku Norman, nyumbani ni Bomet, na nakubaliana na yote hayo. Dada, acha nikueleze kwa nini SHIP ilikunyima, maana watu wengi huichukua bila kufungua ndani yake.

SHIP inazidisha vitu vitano: CAPE, gramu za mvuke, ile kasi ya kupoa ya 700 hadi 500, halijoto ya 500 bila alama ya kutoa, na tofauti ya upepo kati ya ardhini na kilomita 6 juu. Jibu linagawanywa kwa 42,000,000. Ilitengenezwa kwa vipimo vya Marekani ili kutenganisha siku za mawe ya sentimita 5 na kuendelea na siku za mawe madogo. Ikipita 1, watu wa huku wanaanza kuangalia magari yao.

Jaza siku ya hatari ya huku: CAPE 3,000, gramu 13.6, kupoa 8, halijoto ya 500 ni -13, upepo mita 25 kwa sekunde. Inatoka karibu 2.5. Sasa jaza alasiri ya Kericho hata baada ya kuweka ardhi yako kama mzee alivyoelekeza: CAPE 1,200, gramu 12, kupoa 5.7, halijoto ya 500 ni -6, upepo 7. Inatoka karibu 0.08. Kwa puto la usiku bila marekebisho, CAPE ikiwa ndogo, lazima uone sifuri. Haijakosea hesabu. Imejibu swali ambalo hukuuliza.

Jambo jingine linahusu mashamba yaliyo juu zaidi yako. Ndani ya SHIP kuna kipengele kinachopunguza jibu iwapo kimo cha sifuri kiko chini ya mita 2,400 juu ya ardhi. Huku kipengele hicho kinaondoa siku za baridi zisizo na mawe makubwa. Lakini mtu mwenye shamba mita 2,500, kimo chake cha sifuri ni mita 2,300 juu ya kichwa, na fahirisi inampunguzia alama kwa kitu hichohicho kinachoyafikisha mawe kwake.

Huku mvua ya mawe huitwa kali ikifika sentimita 2.5, hadi 2010 kiwango kilikuwa chini kidogo, kama sentimita 1.9. Kipimo hicho ni cha mapaa na vioo vya magari. Mawe yako ya sentimita moja yasingeingia hata kwenye takwimu za huku, na wewe umepoteza mavuno ya wiki kadhaa.

Kwenye SHARPpy unaweza kushika nukta za chini za mchoro kwa kipanya na kuzivuta. Lakini ni salama zaidi kulihariri faili lenyewe kabla ya kulifungua: futa mistari yote iliyo chini ya mita 2,180, andika mstari mmoja wa ardhi yako, hektopaskali 785, joto na umande unaotegemea alasiri. Hewa kati ya hapo na kitako cha wingu ipoe nyuzi karibu 10 kwa kilomita, kwa sababu mchana jua huichanganya hivyo. Kuanzia mita 4,500 usiguse kitu.

---

majani_mabichi

Asanteni sana, mzee, na wewe kaka wa Bomet. Nimefanya hivyo na puto la ile siku. Kupoa kati ya 700 na 500 ilikuwa 6.3, na mistari miwili imeachana vibaya sana kuanzia 620 hadi 500. Sikuwa nimeitazama sehemu hiyo kabisa, macho yangu yalikuwa kwenye jedwali la namba chini ya mchoro.

Mambo mawili yamebaki. Hodografu, ule mchoro wa upepo wa kila kimo, niitazame au niiache? Na la pili ni la wazee wa hapa. Wanasema chai yenyewe ndiyo inaita mawe, kwamba kabla ya mashamba makubwa hayakuwa mengi hivi. Kuna ukweli hapo?

---

mzee_wa_puto

Hodografu itazame kwa mwelekeo zaidi ya nguvu. Kati ya ardhini na kilomita 6, tofauti ya upepo kwetu kwa kawaida ni mita 5 hadi 10 kwa sekunde. Dhoruba zile kubwa zinazojizungusha, zinazotoa mawe ya kuvunja paa, zinataka kama 18 au 20. Upepo ukiwa dhaifu, mvua na mawe huanguka ndani ya mkondo uleule uliokuwa unapanda na kuuzima, kwa hiyo wingu moja halimalizi saa. Jiwe halipati muda wa kukua. Ndiyo maana yako ni madogo na mengi.

Ila upepo wa kati ya 700 na 500 ndio unaosukuma wingu. Ukitoka mashariki, kama kawaida yetu, wingu lililozaliwa juu ya Mau litasogea kwenu na kuelekea ziwani. Ukiwa karibu sifuri, wingu litabaki lilipozaliwa na kumaliza mawe yake yote juu ya shamba moja. Siku hizo za upepo uliosimama naziogopa zaidi kwa chai kuliko siku za upepo wa wastani.

Kuhusu wazee wa hapo, usiwadharau. Mwanasayansi Russell Schnell alilifuatilia jambo hilo na 1982 akachapisha pamoja na mwenzake utafiti kuhusu takataka za majani ya chai ya Kenya. Walikuta kwamba majani yaliyooza chini ya vichaka yana chembe zinazogandisha maji kwenye baridi kidogo tu, nyuzi chache chini ya sifuri, wakati vumbi la kawaida husubiri baridi kali zaidi. Wazo lao ni kwamba wachumaji wanapotembea kati ya mistari wanayatifua, na upepo unaopanda mchana unayabeba hadi mawinguni. Kwamba chembe hizo zipo, limepimwa. Kwamba ndizo zinazoleta mvua ya mawe ya Kericho, limebaki kuwa dhana, na mimi nasita. Chembe zinaweza kubadili idadi ya punje zinazoanza kuganda. Haziwezi kuleta ile nguvu ya kupandisha hewa, wala kuinua ardhi hadi mita 2,000. Hivyo vilikuwepo kabla mche wa kwanza haujapandwa.

Jambo hili linafungamana na majaribio ya kuzuia mawe. Miaka ya 1960 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilijaribu roketi za baruti hapo Kericho, na baadaye katika muongo huohuo ndege zikaletwa kufukiza iodidi ya fedha kwenye mawingu. Hesabu ya iodidi ni hii: ongeza punje nyingi ili zigombanie maji yaleyale. Sahani moja ya wali wakila watoto wawili watashiba. Wakila ishirini kila mmoja atapata tonge mbili. Mawe yanakuwa madogo, na madogo yanayeyuka njiani. Pwani yangeyeyuka, sina shaka. Kwenu njia ni fupi, mita 2,600 tu, kwa hiyo ingebidi yawe madogo kweli. Na mvua ya mawe inabadilika mno kutoka mwaka hadi mwaka na kutoka kilima hadi kilima, kiasi kwamba mpaka leo kuthibitisha kuwa ndege ndiyo iliyopunguza ni kazi ngumu ajabu.

---

chai_mufindi (Iringa, Tanzania)

Habari wadau, nimefuata mjadala kimyakimya. Sisi Mufindi tuko kama mita 1,900, chai ipo, mawe huja, lakini puto la karibu hatuna. Natumia michoro ya Skew-T inayotolewa na GFS, modeli ya Kimarekani ya utabiri wa dunia nzima, kwa kubonyeza mahali kwenye ramani. Je, hesabu za mzee zinafaa humo?

---

mwanafunzi_norman

Zinafaa, kwa sharti moja. Kabla ya kitu chochote soma modeli inadhani ardhi yako iko mita ngapi. GFS inasawazisha milima, kwa sababu kila kisanduku chake kina upana wa kilomita nyingi. Ukingo kama wa Mufindi, unaoshuka ghafla kuelekea Kilombero, unachanganywa na bonde, na mchoro wako unaweza kuanza mita mia kadhaa chini ya miguu yako. Hapo kitako cha wingu, CAPE na kina cha kuyeyukia vyote vinahesabiwa kwa shamba lisilokuwepo. Fanya kama dada wa Kericho: kata chini, weka mita 1,900 zako na vipimo vyako. Kwa sifuri ya mita 4,800 una mita 2,900 za kuyeyukia, bado ndani ya lile dirisha la mzee, ila ukingoni zaidi kuliko Kericho. Kwa hiyo kwenu ukavu wa katikati una uzito mkubwa zaidi, maana ndio unaoshusha kimo cha balbu nyevu hadi mawe yafike.

Pia modeli huwa na unyevu wa chini usio sahihi penye misitu na mashamba ya chai. Kipimajoto cha balbu kavu na nyevu kilichotundikwa kivulini kitakupa umande wa kweli kwa gharama ndogo.

---

majani_mabichi

Nimeelewa. Hivi ndivyo nitakavyofanya kuanzia sasa: alfajiri nasoma nusu ya juu ya puto, kupoa kwa 700 hadi 500 na ukavu wa katikati. Saa nne nasoma kipimajoto changu na kukadiria alasiri. Vitu hivyo viwili vya juu vikiwa vibaya kwa pamoja na umande wangu uko 12 au zaidi, ujumbe unatoka: vipande vilivyokomaa kwanza, mizani saa saba. Kikiwa kibaya kimoja tu, nasubiri setilaiti ya saa sita.

Siku puto lisipoachiwa nitatumia la jana yake kwa sehemu ya juu, kama nimekuelewa vizuri, mzee.

Swali la mwisho ni la kumbukumbu. Nataka kuandika kila tukio ili mwakani tujue mipaka hii ya 6.5 na 12 inafaa hapa au inahitaji kusogezwa. Nipime nini?

---

mzee_wa_puto

Umenielewa vizuri, la jana linafaa kwa sehemu ya juu, mradi si la juzi au la kabla ya hapo.

Chukua vipande vya povu gumu, lile jeupe la kufungashia televisheni, upana wa sentimita 30 kwa 30, uvifunike kwa karatasi ya alumini ya jikoni na kuvifunga juu ya vigingi, urefu sawa na vichaka vya chai. Kila jiwe litaacha kishimo. Weka kimoja kwako, kimoja kwa jirani wa magharibi, na vingine kwa wanakikundi walio mbali zaidi. Baada ya mvua hesabu vishimo, pima kipenyo cha kilicho kikubwa, na uangalie kama ni vya duara au vimevutwa upande mmoja. Vikiwa vimevutwa, mawe yalikuja na upepo, na mwelekeo wake unauona hapohapo. Andika saa ya kuanza na ya kuisha, kisha badilisha karatasi.

Jiwe lenyewe ukiliwahi, lipige picha kando ya rula kabla halijayeyuka, halafu lipasue katikati kwa kisu chenye baridi. Likiwa jeupe tupu na laini, lilikulia kwenye baridi kali yenye maji machache. Likiwa na tabaka angavu kama kioo, lilipita mahali maji yalikuwa mengi kuliko yanavyoweza kuganda mara moja, na siku hiyo ukirudi kwenye mchoro angalia CAPE ilikuwa imenenepa wapi kati ya -10 na -30. Nitumie hiyo michoro pamoja na picha, nitaisoma yote.